Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Barafuto kwa Skii, Kibanda kwa Kibanda

SWALI

Shikamoo, Mzee wa Safari. Mimi ni binti wa Raskazone, hapa Tanga. Nilisoma miaka minne mjini Grenoble, Ufaransa, na huko nilijifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vya kufunga viatuni, kwanza kwenye viwanja vilivyotengenezwa, baadaye kwa mtindo wa kupanda mlima kwa skii zenyewe na kushuka upande wa pili. Sasa rafiki zangu watatu wa chuo wamenialika Aprili ijayo tuvuke milima ya Alpi kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, tukilala kila usiku katika kibanda cha mlimani. Wao wanasema kupanga safari ni kuweka nafasi vibandani na kukata tiketi, basi. Baba yangu, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi, anasema safari isiyokuwa na bandari za kukimbilia si ya kuanzwa. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Msikilize baba yako, ambaye hakuhitaji kuiona theluji ili aseme kweli juu yake. Nilifanya kazi misimu mitatu ya machipuko jikoni mwa kibanda kimoja upande wa Uswisi, nikipika supu na kuyeyusha theluji ili wageni wapate maji, na kila alasiri niliwaona wakiingia mlangoni. Waliofika mapema na wakiwa wakavu si wao waliokuwa na misuli mikubwa kuliko wengine. Walikuwa wale walioihesabu siku yao saa kwa saa usiku uliotangulia, na waliojua ni mahali gani wangegeuka endapo hesabu ingekataa. Jibu langu lote ni hilo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Njia mliyoichagua Wafaransa huiita Haute Route. Wakwea milima wa Uingereza waliipita kwa miguu wakati wa kiangazi mwaka 1861, na mwaka 1911 ikavukwa kwa skii kwa mara ya kwanza. Ina kilomita zipatazo 120, na wengi huimaliza kwa siku sita au saba. Kwa kimo peke yake haiwezi kumtisha Mtanzania: kilele cha juu kabisa ambacho kwa kawaida hupitiwa, Pigne d'Arolla, kina mita zipatazo 3,790, ambazo zinazidi kidogo tu kimo cha kibanda cha Horombo kule Kilimanjaro chenye mita 3,720. Ugumu wake uko kwingine. Kilimanjaro unatembea juu ya udongo na mawe, kuna wapagazi, na njia inaonekana. Huku unatembea juu ya barafuto, yaani mito ya barafu inayosonga polepole, zenye nyufa zilizofunikwa na theluji, mzigo uko mgongoni mwako mwenyewe, na ukungu ukishuka hakuna njia ya kuonekana kabisa, kwa sababu juu na chini vyote vinakuwa weupe mmoja.

Wewe ni mtoto wa pwani, kwa hiyo nitakueleza kwa maji. Theluji ya Aprili ina kupwa na kujaa kwake. Usiku anga likiwa wazi, joto hupotea juu na uso wa theluji huganda ukawa mgumu kama sakafu, hata alfajiri unapita juu yake bila kuzama na mteremko mzima umeshikamana. Jua likipanda, uso huo hulainika, kwanza kwenye miteremko inayotazama mashariki, halafu kusini, mwisho magharibi. Kufikia mchana maji yamepenya ndani na kulegeza tabaka za chini, na hapo ndipo theluji nzito huporomoka na madaraja ya theluji yaliyofunika nyufa hupoteza nguvu. Mvuvi wa Deep Sea hapo Tanga hagombani na bamvua: hutoka kwa saa zake na kurudi kwa saa zake. Nanyi mtaondoka kibandani saa kumi na moja au saa kumi na mbili asubuhi, si kwa sababu Wazungu wanapenda kuamka mapema, bali kwa sababu mteremko wa mwisho wa siku lazima uwe nyuma yenu kabla haujalegea.

Kuna tofauti moja kati ya bahari na mlima, nayo ni kubwa. Jedwali la maji kupwa na kujaa huchapwa mwaka mzima kabla, lakini kuganda kwa theluji hutegemea mawingu ya usiku uleule. Mawingu hutanda kama blanketi, theluji haigandi, na asubuhi yake huwa kama mchana. Mlinzi wa kibanda chetu alikuwa akitoka nje saa kumi alfajiri na kudunga theluji kwa fimbo yake. Siku fimbo ilipozama aliingia ndani, akawaamsha viongozi wa makundi mmoja mmoja na kuwaambia warudi kulala. Wengine walinung'unika, maana walikuwa wameshalipia kibanda cha kesho yake. Mimi niliwatilia chai, na nilifurahi kwa kila mmoja aliyevua viatu.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, na hapa nataka uchukue karatasi. Mswisi Werner Munter, ambaye ni mwongozaji wa milimani, alitoa kanuni nyepesi inayotumika sana: chukua kilomita za njia, ongeza mita za kupanda zilizogawanywa kwa 100, kisha jumla yake igawanye kwa 4, na jibu ni saa za mwendo. Njia ya kilomita 6 yenye kupanda mita 900 inakuwa 6 kuongeza 9, yaani 15, na ukigawanya kwa 4 unapata saa 3 na dakika 45. Hapo hamjapumzika, hamjabandua ngozi za chini ya skii zinazozuia kurudi nyuma mnapopanda, hamjafunga kamba, na rafiki yenu hajapoteza glovu. Ongeza muda wa hayo yote, halafu hesabu kinyumenyume kutoka saa ambayo mnataka kuwa mmemaliza, ndipo mtaijua saa ya kuondoka. Fanya hivyo kwa kila siku ya safari, nyumbani, kabla hamjalipa chochote. Siku ambayo hesabu haikubali mezani haitakubali mlimani.

Baada ya saa, tafuteni bandari. Siku za kwanza mbili zinaanzia juu ya Chamonix, kwenye kibanda cha Argentière chenye kimo cha mita 2,771, na kuvuka mpaka wa Uswisi kwa kupitia pito la mlimani la Col du Chardonnet, mita 3,323, ambako upande wa kushukia ni mkali kiasi kwamba makundi mengi hushushana kwa kamba. Mkifika kibanda cha Trient mko mita 3,170, na siku inayofuata mnashuka hadi kijiji cha Champex. Bandari yenu ya kwanza ni hiyo: kuna barabara, kuna usafiri wa kwenda Verbier, na asiyejisikia vizuri anaweza kuishia hapo bila aibu. Mnaoendelea mtapanda usafiri huo hadi Verbier, na kutoka hapo mnapita kibanda cha Mont Fort, kisha Prafleuri, kisha kando ya ziwa la bwawa la Grande Dixence, ambalo ukuta wake una kimo cha mita 285. Msichezee sehemu ile ya kando ya ziwa. Macho yanaiona tambarare na rahisi, ila juu yake imetanda miteremko mirefu inayomwaga theluji jua likiipata, kwa hiyo ipiteni asubuhi mapema na kwa nafasi kati ya mtu na mtu.

Kutoka kibanda cha Dix mnapanda Pigne d'Arolla na kushuka Vignettes, mita 3,160, kibanda kilichokaa ukingoni mwa jabali. Hapa iko bandari ya pili, nayo ndiyo muhimu kuliko zote: chini yake ni kijiji cha Arolla, chenye barabara inayoelekea mji wa Sion. Siku ya mwisho, kutoka Vignettes hadi Zermatt, ni ndefu kuliko zote, ina karibu kilomita 30 na mapito matatu ya juu, la mwisho likiwa Col de Valpelline lenye mita 3,568. Mkishavuka hilo, kurudi nyuma kunakuwa kugumu kuliko kuendelea, na mbele yenu kuna barafuto zenye nyufa nyingi chini ya kivuli cha mlima Matterhorn. Kwa hiyo uamuzi wa siku hiyo hufanyika Vignettes usiku, baada ya kusoma hali ya hewa, na wala si njiani. Kama taarifa inasema dhoruba itaingia mchana, shukeni Arolla, pandeni basi, na Zermatt mtaiona kwa treni.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya yaliyotokea mahali hapohapo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 2018, watu 14 walikamatwa na dhoruba karibu na Vignettes, wakashindwa kukiona kibanda katika ukungu na upepo, wakalala nje. Saba kati yao walikufa, na mahali walipolala palikuwa mita mia chache tu kutoka mlangoni. Machi 2024, watu sita walitoka Zermatt kuelekea Arolla, na dhoruba ikawakuta karibu na kilele cha Tête Blanche. Watano walikutwa wamekufa. Wengi wa watu hawa hawakuwa wageni wa milima. Baridi yenye upepo haimuulizi mtu uzoefu wake, na kibanda ambacho hukioni hakikusaidii kitu. Ndiyo maana njia ya kila siku iwe imeshaingizwa kwenye kifaa cha satelaiti, na nakala yake ya karatasi pamoja na dira iwe mfukoni mwa zaidi ya mtu mmoja. Na ndiyo maana kila mmoja wenu abebe mfuko mwepesi wa kujikinga na upepo, hata kama unaonekana kuwa mzigo wa bure siku sita mfululizo.

Kuhusu maporomoko ya theluji, jifunzeni kusoma taarifa ya kila siku. Upande wa Uswisi hutolewa na taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos saa kumi na moja jioni, na hatari hupimwa kwa madaraja matano. Wengi huogopa daraja la nne na la tano, na kwa kuogopa hukaa ndani; vifo vingi hutokea daraja la tatu, wakati anga ni zuri na watu wamejipa moyo. Mteremko unaozidi nyuzi 30 ndio unaoweza kuporomoka, na nyuzi hizo hupimwa kwenye ramani usiku, si kwa macho asubuhi. Kila mmoja avae redio ndogo ya kutafutia aliyefukiwa, iwe imewashwa tangu mlangoni mwa kibanda, na mgongoni awe na ufito wa kukunja wa kuchokolea theluji pamoja na beleshi la chuma. Aliyefukiwa hupoteza matumaini haraka sana baada ya dakika 10 hadi 15, kwa hiyo wanaomwokoa ni wenzake waliosimama pale pale. Helikopta mara nyingi hufika imechelewa. Mtu aliyenunua vifaa hivi na asiyejizoeza kuvitumia hajawanunulia wenzake chochote.

Nyufa za barafu zinahitaji hanesi, yaani mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani ya kufungia kamba, kamba yenyewe, skrubu za barafu, na maarifa ya kumtoa mtu shimoni kwa kupitisha kamba kama kapi. Baba yako atakufundisha kapi vizuri kuliko mimi. Hanesi ivaliwe asubuhi kabla ya kuondoka, maana anayetumbukia hawezi kuivaa akiwa chini. Chukueni pia meno ya chuma ya viatuni, meno ya kubana chini ya skii kwa theluji iliyoganda, na shoka jepesi la barafu. Mzigo wote ukizidi sana kilo 10 kuna kitu cha kuondoa: vibandani kuna mablanketi na chakula, kwa hiyo unahitaji shuka jepesi la kulalia tu, wala huhitaji begi la kulalia wala jiko.

Nitaingiza neno hapa ambalo rafiki zako wa Grenoble huenda wasikuambie. Watu wetu hudhani ngozi nyeusi haiungui. Theluji mpya hurudisha usoni sehemu kubwa ya miale ya jua, hadi karibu asilimia 80 ya ile inayounguza, na mwale huo hutoka chini, chini ya kidevu na ndani ya pua. Paka mafuta ya kuzuia jua, na miwani yako iwe ya giza la daraja la nne. Nilimwona kijana mmoja, mweusi kama mimi, akiwa amefungwa kitambaa machoni siku mbili kwa uchungu wa kuunguzwa na theluji, na kosa lake lilikuwa kuvua miwani asubuhi moja ya ukungu.

Je, mchukue mwongozaji? Nyinyi ni wanne, na umesema umejifunza kupanda, lakini hukusema kama kati yenu yuko aliyewahi kuongoza kundi juu ya barafuto katika ukungu. Kama hayupo, ushauri wangu ni mchukue mwongozaji mwenye leseni ya kimataifa. Ni gharama, lakini mkigawana wanne inabebeka, na mtakuwa mnanunua macho ya mtu anayezijua barafuto hizo mwaka huu, maana zinabadilika: kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafuto za Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya barafu yake. Maelezo ya njia ya miaka kumi iliyopita yanaweza kukupeleka mahali ambapo sasa ni mwamba mtupu.

Mazoezi unaweza kuyafanya hapa hapa mkoani. Usambara ina kila unachohitaji isipokuwa theluji. Mombo ipo bondeni, Lushoto ipo karibu mita 1,400, na kupanda kati ya hizo mbili ni karibu mita 1,000, ambayo ndiyo kazi ya siku moja ya kawaida kwenye Haute Route. Anza na vipande vya njia hiyo bila mzigo, ongeza mzigo kidogo kidogo hadi kilo 10, na baada ya miezi mitatu uwe unaweza kupanda siku mbili mfululizo na kuamka siku ya tatu ukiwa bado unataka kupanda. Kuzoea hewa nyembamba ni jambo jingine: mwili husahau baada ya wiki chache, kwa hiyo Kilimanjaro ya Desemba haitakusaidia Aprili. Nenda mapema, ulale Chamonix siku mbili tatu, upande na kushuka, na hapo pia upate nafasi ya kuikumbusha miguu yako skii.

Viza ni ya Schengen, na moja inatosha kwa Ufaransa na Uswisi. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, nayo kwa orodha ya vibanda vyenu huenda ikawa Uswisi. Hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya kuombea viza ni ya euro 30,000 au zaidi, lakini isome mstari kwa mstari, kwani nyingi hazilipi uokoaji kwenye barafuto wala helikopta, na hiyo utaikata kando. Nafasi za vibanda ziwekeni mapema wakati wa baridi, na mkibadili mpango, pigeni simu kufuta. Mlinzi asiyejua kwamba mmeshuka Arolla atatuma watu wakawatafute gizani.

SWALI

Mimi ni mwalimu wa Chumbageni. Je, Mwislamu atakula nini katika vibanda hivyo, na ni kweli kwamba ngozi zinazobandikwa chini ya skii ni za sili?

JIBU

Chakula cha jioni ni kimoja kwa wote, na nyama ya nguruwe huwekwa mara nyingi, hata ndani ya supu ambamo huwezi kuiona. Unapoweka nafasi, andika kwamba huli nyama kabisa. Kila kibanda nilichokijua kiliwapikia wageni wasiokula nyama, na ni rahisi kwa mpishi kuliko kueleza nyama ipi unakubali. Mkumbushe tena unapofika. Maji ni haba kwa kuwa mengi hutokana na theluji iliyoyeyushwa, kwa hiyo chukua chupa yako na ujitawadhie kwa kipimo. Ama ngozi, zamani zilikuwa za sili kweli, na Wafaransa bado huziita hivyo. Siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, yaliyolazwa upande mmoja ili skii iende mbele na isirudi nyuma.

SWALI

Mwanangu anasoma Innsbruck, Austria, na atakwenda siku tano kwenye barafuto za Ötztal pamoja na wenzake. Mimi niko Bagamoyo. Nitajuaje kama amechelewa au amepotea?

JIBU

Mzazi mwenzangu, mwombe karatasi moja kabla hajaondoka. Iandikwe jina la kila kibanda kwa tarehe, namba ya simu ya mlinzi wa kila kimoja, majina ya wenzake wote na namba ya mmoja wa wazazi wao aliye karibu, na njia ya pili watakayofuata hali ya hewa ikiharibika. Mkubaliane saa ya kukutumia ujumbe kila jioni, na muda wa kusubiri kabla hujaanza kupiga simu, kwa sababu mabonde mengi ya juu hayana mtandao na kimya cha saa mbili si habari mbaya. Usimpigie yeye mara ishirini, utamaliza betri yake. Mpigie mlinzi wa kibanda alichopaswa kulala, halafu mlinzi wa kibanda alichotoka. Wote wawili wakisema hawajamwona, mzazi mwenzako aliye huko Austria ndiye apige namba 140, ambayo ni ya uokoaji wa milimani nchini Austria. Kwa wasomaji wenye watoto upande wa Valais, Uswisi, ni 144, na 112 hufanya kazi nchi zote hizo. Na hesabu saa vizuri: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, kwao ni saa moja nyuma yetu, lakini kabla ya hapo ni saa mbili. Akikuahidi ujumbe saa moja ya jioni ya huko mwanzoni mwa Machi, kwako Bagamoyo itakuwa saa tatu usiku.